Ukuta wa Chumba cha Mtoto

4 Machi

Dada, usininunie. Uliniomba nikuandikie wiki ile ile tuliyohamia, nami nikaitikia "ndiyo, ndiyo" huku nimejitwika godoro. Tangu hapo kila jioni nalifungua daftari hili, na kila asubuhi naliokota chini ya kitanda likiwa jeupe vile vile. Niwie radhi. Leo nimejifungia chooni, maana ndio mlango pekee ambao mwanangu hajajua kuufungua.

Uliuliza jambo moja tu. Wewe na shemeji mmeonyeshwa nyumba iliyo chini ya yetu, imekarabatiwa na kampuni ile ile, je, mchukue? Kwa simu mimi najua kusema "hatujambo" basi, hivyo nitakuandikia uzuri na ubaya bila kutia chumvi. Kampuni inapokea malalamiko mpaka mwisho wa msimu wa mvua wa kwanza. Basi na mimi nitaipa nyumba msimu huo huo, kisha nikutumie daftari lote.

Uzuri nianze nao, maana ni mwingi. Kaunta ya jikoni ni jiwe jeusi lenye vidoa vya fedha. Ukiweka shavu juu yake wakati wa joto, unasinzia. Droo hazibamizi. Unazisukuma kidogo, zinajirudia zenyewe taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Taa zimezama darini. Bafu lina vigae kuanzia sakafuni hadi juu.

Hivyo vigae ndivyo vilivyotuleta hapa. Unajua mwenzangu ni fundi wa vigae. Siku ya kuonyeshwa nyumba hakuchungulia dirishani, hakuuliza hata maji yanatoka siku zipi. Alipiga magoti bafuni, akapitisha kucha kwenye maungio, akagonga kigae kimoja kimoja kwa funguo huku ametega sikio kama daktari. Nikamwona anatabasamu peke yake.

"Hakuna hata kimoja chenye uwazi nyuma yake," akasema. "Tazama alivyokata pembe. Huyu mtu ana mkono. Mtu mwenye mkono huu hawezi kulipua kazi mahali pengine."

Nikampenda upya, nikiwa pale mlangoni na viatu mkononi.

Chumba cha mtoto zamani kilikuwa baraza. Wamekiziba kwa kioo kizima kisichofunguka, na ukuta wa pembeni wameufunika kwa bodi, ukapakwa rangi ya maziwa. Laini kama ganda la yai. Mzee akaukumbatia.

Mzee ndiye huyo mwanao. Jina amepewa na mlinzi wa getini, kwa sababu anatembea mikono nyuma kama mstaafu anayekagua shamba. "Shikamoo Mzee!" mlinzi humwambia. Naye bila kucheka: "Marahaba. Watoto hawajambo?" Miaka mitano!

9 Machi

Ubaya wa kwanza: lifti hufanya kazi ikijisikia.

12 Machi

Mvua ya kwanza. Mzee kabandika pua kwenye kioo, anashangilia kila tone.

16 Machi

Mama mkwe amefika, atanisaidia mtoto nikiwa kazini. Analala na Mzee kwenye chumba cha kioo. Hata mtandio hajavua, keshapitisha kidole juu ya friji.

"Mkwe wangu, hapa juu hapafikiki?"

"Panafikika, mama. Mimi ndiye sifiki."

Akacheka, nikashukuru Mungu. Lakini kidole alikitazama muda mrefu.

21 Machi

Kuna harufu chumbani kwa mtoto. Mimi kutwa nzima niko dobini kwa watu, napiga pasi mashuka ya hoteli, na harufu hiyo naijua: shuka lililokunjwa kabla halijakauka vizuri. Nimemwambia mwenzangu. Kasema ni rangi mpya. Nimenusa tena. Rangi mpya haina harufu hiyo, lakini nimenyamaza, maana alikuwa anampigia rafiki yake simu akimsifia bafu.

25 Machi

Nimekuta vidoa vyeusi chini ya ukuta wa bodi, vidogo kama mbegu za ufuta. Nikaenda kumwita mwenzangu aje aone. Tuliporudi hakuna kitu, mama mkwe amesimama na kitambaa kinachotona klorini.

"Nimefuta," akasema.

"Mama, usingefuta. Nilitaka mwanao aone."

"Aone uchafu? Kisha nije niulizwe mimi nilikuwa nafanya nini humu?"

Mwenzangu akautazama ukuta mweupe, akanitazama mimi. "Mbona pako safi?" Mwanamume huyu, akisimama kati ya mama yake na mke wake, hugeuka kipofu.

30 Machi

Mzee anakohoa. Kikavu, kifupi, kama anayebisha hodi.

2 Aprili

Mvua. Kikohozi. Klorini.

3 Aprili

Kama jana.

7 Aprili

Dada, leo nimeona kitu ambacho sitaki kukiona tena.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, ni siku yangu ya mapumziko. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Mama mkwe alikuwa ametoka, Mzee alikuwa anachora chini chumbani kwake. Nikasikia mluzi. Nikadhani ni upepo kwenye kioo, nikaendelea kukata vitunguu. Mluzi ukaja tena, nikageuka, ni yeye. Amekaa, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na pale chini ya koo nyama inaingia ndani kila akivuta pumzi. Midomo imebadilika rangi. Hakulia. Ananitazama tu, kama ananiuliza hivi ndivyo inavyokuwa?

Nikambeba. Lifti haikujisikia leo. Nikashuka ngazi na mtoto begani na kisu cha vitunguu mkononi, wala sikujua nimekishika mpaka mlinzi aliponinyang'anya. "Mama Mzee, tulia, tulia, gari hii hapa," akasimamisha gari la mtu asiyemjua, akagonga boneti kwa kiganja: "Mpeleke huyu mama! Shusha mizigo yako baadaye!"

Hospitalini wakamfunika barakoa ya mvuke wa dawa. Rangi ikarudi polepole. Daktari ni mwanamke mdogo kuliko mimi. Aliniuliza kama tunafuga paka, kama baba anavuta sigara. Hapana, hapana. Kisha: "Nyumbani kuna ukuta wenye unyevu?"

Nikafungua mdomo, nikaona jiwe jeusi, droo, taa zilizozama. Nikasema, "Nyumba ni mpya, daktari."

"Sikuuliza upya wake," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Upo."

8 Aprili

Tumegombana, mlango wa jikoni umefungwa ili mama yake asisikie. Alisema najitafutia sababu, kwamba sikuipenda nyumba hii tangu mwanzo. Uongo. Naipenda mpaka naona aibu. Nikamvuta mkono, nikampeleka chumbani: "Wewe si unajua kugonga? Gonga."

Akagonga kwa konzi, juu, katikati, chini. Chini sauti ikabadilika. Nilimwona uso unavyomshuka. Aligonga tena, taratibu, kama anayeomba asikie kitu kingine.

"Kuna maji," akasema.

Alitaka kuivunja bodi hapo hapo. Nikatoa mkataba, tukausoma pamoja. Mwenye nyumba asiguse ukuta, mkaguzi wa kampuni auone kwa macho yake ulivyo. Tumempigia simu. Mzee tumemhamishia kwetu, lakini nyumba ni moja na hewa ni hiyo hiyo.

11 Aprili

Mkaguzi atakuja tarehe kumi na tisa. Nimemwambia mwenzangu awaambie watu wote humu ndani: ukuta usiguswe. Kasema ndiyo.

14 Aprili

Vidoa vimefika usawa wa kiuno. Mama mkwe ana mafua, hajapata nguvu ya kufuta. Mungu anisamehe, nimefurahi.

17 Aprili

Sasa ni ramani nzima. Inatisha, inapendeza. Hakuna mkaguzi atakayeukana ukuta huu.

19 Aprili

Nitaandika ilivyokuwa.

Niliomba ruhusa ya nusu siku. Mkaguzi tulikutana getini, kijana mpole, kavaa shati lililopigwa pasi vizuri, najua kazi nzuri nikiiona. Kwenye lifti nikawa namweleza: weusi umepanda, bodi imevimba, mtoto nimemkimbiza hospitali. Anatikisa kichwa, anasema pole dada, pole sana, tutaona.

Lifti ikafunguka, nikasikia harufu ya rangi.

Nilijua kabla sijafika mlangoni.

Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya sebule, kavaa gauni lake la sherehe, rangi imemrukia kwenye nyusi. Mafua yamemwisha. Nyuma yake mlango wa chumba cha mtoto uko wazi, na ukuta, dada, ukuta unang'aa. Mweupe mpaka unaumiza macho. Kausugua kwa msasa, kaupaka klorini, kisha kalitoa lile kopo la rangi ambalo kampuni iliacha chini ya sinki, kapaka kwa rola mara mbili.

"Karibu baba, karibu," akamwambia mkaguzi. "Tangu wametoka asubuhi sijakaa. Ningekupokeaje na ukuta ule? Ungesema mwanangu kaoa nini?"

Mkaguzi akausogelea, akaweka ncha ya kidole. Kidole kikatoka cheupe. Akatoa kifaa cha kupimia unyevu, akakigusisha, kikalia. Akakitazama kama kinamsumbua.

"Si umesikia kinavyolia?" nikasema.

"Dada, rangi ni mbichi. Sijui kinalilia rangi au kinalilia maji. Siwezi kuandika nisichokijua."

"Ninazo picha kwenye simu. Hizi hapa, za juzi."

Aliziangalia zote, moja moja, kwa heshima. "Naziamini," akasema. "Lakini mkataba unasema nione kwa macho. Na unasema ukuta ukiguswa na mwenye nyumba, dhamana ya ukuta huo imekwisha. Mimi nimeajiriwa tu, dada yangu."

"Aliyegusa si mwenye nyumba. Ni mgeni wetu."

Akamtazama mama mkwe, kisha akatazama chini. Aliandika mstari mmoja. Aliandika taratibu sana.

Mama mkwe alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu halikujua tena liende wapi. "Kuna nini? Nimepaka vibaya?"

"Bibi kapaka vizuri," Mzee akasema, kisha akaanza kukohoa.

Mwenzangu aliporudi nilimuuliza mbele ya mama yake: ulimwambia? Akakaa kwenye kiti na mavumbi yake ya kazi. Hakumwambia. Aliona haya. Alimsifia nyumba tutakayonunua kwa miaka, tangu tukiwa tunadunduliza, angeanzia wapi kumwambia kwamba ukuta umeoza?

Nami siku zote hizo niliishi na huyu mama chumba kwa chumba, na neno hilo moja sikumwambia, kwa kuwa nilifurahi kumwona mgonjwa.

20 Aprili

Humu ndani tunapishana kwa "samahani."

23 Aprili

Mama mkwe ameacha kusafisha. Vyombo anaviosha, basi. Leo vumbi juu ya friji liliandikika, akapita kama halioni. Nilidhani ningefurahi.

29 Aprili

Kampuni imejibu: pole, haiwezekani. Kamati ya jengo imejibu: bomba la mvua linalopita nyuma ya ukuta ni la wote, haliguswi bila kikao, na kikao hakina tarehe. Ukuta wenyewe ni wetu. Ndivyo walivyogawa, wao bomba, sisi maji.

4 Mei

Mwenzangu amevunja bodi. Hakuna tena cha kupoteza.

Mzee na bibi yake walikuwa chini kwa mlinzi. Mimi nilishika ndoo. Kipande cha kwanza kilitoka kama mkate uliolowekwa. Nyuma yake limepita bomba kuu la kushusha maji ya mvua kutoka paani, bomba la zamani la chuma, limepasuka kwa urefu. Badala ya kulibadilisha, wamelizungushia nailoni na utepe, wakalifunika. Kila mvua ikinyesha juu ya jengo lote, inapita kwenye nyufa zile hadi kitandani kwa mtoto wangu.

Lakini mwenzangu hakuwa anaangalia bomba. Alikuwa amechuchumaa, kashika vipande vya vigae vilivyowekwa chini ya bomba kulikaza lisicheze. Mabaki ya bafuni. Alivigeuza kwenye mwanga.

"Pembe ile ile," akasema. "Ni yeye."

Akavipanga sakafuni, kingo zikakutana bila mwanya hata wa unywele. Aliyeyaficha maji ndiye aliyekata vile vigae, na aliyaficha kwa umakini ule ule. Mwenzangu alilia, dada. Katika ndoa yetu nimemwona analia alipozaliwa Mzee, na leo.

Nilitaka kumwambia, "Nilikwambia." Nilikaa chini tu karibu naye.

6 Mei

Tumebandika nailoni. Inapumua kama tumbo.

10 Mei

Mara ya pili. Barakoa, mvuke, mabega. Daktari yule yule. Safari hii hakuuliza chochote, alinieleza: kifua hiki hakitatulia humo. Mtoe. "Mpeleke wapi?" nikamuuliza, na nadhani nilimpigia kelele. Kupanga kwingine hatuwezi na mkopo umetukaa shingoni. Kuuza, nani atanunua shimo? Alingoja nimalize. "Una ndugu anayeishi sehemu kavu?"

Nilikupigia nikiwa bado kwenye benchi la hospitali. Ulisema "mlete" kabla sijamaliza kusalimia.

13 Mei

Ameondoka na bibi yake. Mama mkwe ndiye aliyejitolea. "Nitamlea huko mpaka mniambie basi," alisema, akiwa hanitazami. Nikamfunga mtandio vizuri, upepo ulikuwa mkali. Nilitaka kumwambia neno, nikamwambia tu, "Mama, na wewe ule."

Mzee kaaga jengo zima. Mlinzi alisimama wima, akapiga saluti.

14 Mei

Nimeamka nimsikilize. Kimya.

21 Mei

Dada, kwenye simu leo, nilipomuuliza mbona anahema, alisema, "Nilikuwa nakimbia. Mama kasema nisikimbie, nikakimbia." Nikauliza mama gani? Akacheka kama nimeuliza swali la kijinga. "Mama huyu hapa."

Nilisikia ukimkataza: "Mimi mama mkubwa, mama yako yuko kwenye simu." Usimkataze. Mtoto akikohoa usiku anahitaji neno fupi la kuita. Mwache.

Ila amekimbia, dada. Amekimbia na bado alikuwa na pumzi ya kucheka.

30 Mei

Mvua zimekwisha. Msimu niliouahidi umefika mwisho, kwa hiyo nakujibu.

Msichukue. Bomba ni lile lile, linashuka kwenu kabla halijafika chini. Kama shemeji atakwambia pana vigae vizuri, ni kweli, pana. Kaunta bado inapendeza. Jana niliweka shavu juu yake, nikalala nimesimama. Droo bado zinajifunga polepole. Ukuta wa sebuleni umeanza vidoa, na mwenzangu anakwenda kazini kuwawekea watu vigae, akirudi anaoga haraka bila kuwasha taa ya bafu. Kikao cha kamati hakijaitwa. Mvua nyingine zitakuja na bomba litakuwa hivyo hivyo. Sioni mlango wa kutokea, na sikuandikii ili uniambie upo.

Daftari hili nampa dereva wa lori la mizigo anayekuja kwenu, pamoja na dawa za kuvuta za mwezi ujao. Zikague tarehe. Kabla hajageuza, naomba umpe vitu hivi aniletee:

Fulana moja aliyoivaa Mzee, isiyofuliwa. Usiifue, nakujua.

Mguu wake uchorwe kwenye karatasi, nimnunulie viatu. Mguu wa kulia, ndio mkubwa.

Karatasi ya kliniki ya huko yenye uzito wake.

Sauti yake akiwa amelala, uirekodi kwenye simu ya shemeji, iwe ndefu. Usiseme kitu wakati unarekodi. Nataka pumzi tu.

Neno lolote kutoka kwa mama mkwe. Hapokei simu zangu. Mwambie namtaka yeye, si maelezo.

Na fomu ya shule ya huko, ya darasa la awali. Sehemu ya mzazi nitaijaza mimi na kutia sahihi, dereva atairudisha safari ijayo. Sehemu inayouliza mtoto anaishi wapi, ijaze wewe kabla hujaituma, mkono wangu usije ukakataa.